Ziara ya Alhamisi kwa Mgonjwa Namba 117

“Mama yangu alikufa Jumanne!” Zabron alipiga meza kwa kiganja. “Alhamisi nesi wenu alizungumza na nani? Na maiti?”

“Ndugu yangu, punguza sauti,” alisema Alphonce. “Hii ni ofisi.”

“Ofisi ya nini? Ya kutunga uongo? Soma hii. Isome kwa sauti, na huyu mama askari asikie.”

Aliisukuma simu yake juu ya meza. Alphonce hakuigusa. Inspekta Rukia Shemboza, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu ugomvi uanze, viatu vikidondosha tope sakafuni, aliichukua akasoma mwenyewe.

Ujumbe uliingia Alhamisi, saa tisa na dakika nne alasiri. *Ndugu wa mgonjwa 117. Mgonjwa wako ametembelewa leo na muuguzi. Anaendelea vizuri. Mradi wa Miguu Salama.*

“Nilikuwa Dar nashusha kabichi,” Zabron alimwambia Rukia. “Nikasoma, nikamshukuru Mungu, nikakubali mzigo mwingine. Wiki tatu mfululizo meseji zinaingia, anaendelea vizuri, anaendelea vizuri. Wangeniambia hawajamfikia, ningelitelekeza hata lori barabarani nikapanda kwa miguu.”

“Kaka, kaa chini,” alisema Rukia.

“Sikai.”

“Basi simama, lakini nyamaza. Nataka kumsikia huyu.”

Huyu alikuwa Alphonce, mkuu wa ofisi ya mradi pale Lushoto mjini na msimamizi wake wa ubora. Mwanamume wa miaka arobaini na tano, muuguzi kwa taaluma, shati limenyooshwa vizuri, kalamu mbili mfukoni. Ukutani nyuma yake kilining'inia cheti chenye fremu: Lushoto, Aprili, wilaya ya kwanza kati ya sita, asilimia tisini na sita ya ziara zimefuata mwongozo.

Rukia aliyajua yaliyotokea hadi hapo. Bi Rahabu, mjane wa miaka sitini na saba, mgonjwa wa kisukari, alikutwa Ijumaa saa sita mchana ameanguka nyuma ya mlango wa nyumba yake kijijini Kwembuzi, juu ya Soni. Aliyemkuta ni Zabron, mwanawe. Wiki tatu nyuma mvua za masika ziliporomosha kipande cha mlima, na nyumba ya bibi ikabaki ng'ambo ya poromoko, peke yake na nyumba nyingine nne. Jirani wa upande wa pili wa bonde alisema moshi haukutoka jikoni kwa Bi Rahabu tangu Jumanne asubuhi. Daktari aliyeifanyia maiti uchunguzi alikubaliana na moshi. Kidonda cha mguu kilikuwa kimeoza na sumu imeingia kwenye damu. Kwenye paji la uso palikuwa na jeraha. Alianguka au alisukumwa, daktari hakuweza kusema.

“Nataka kuisikia hiyo ziara ya Alhamisi,” alisema Rukia.

“Rekodi ni siri ya mgonjwa, Inspekta.”

“Mgonjwa amekufa. Siri yake sasa ni kazi yangu. Washa.”

Alphonce alifungua kompyuta bila haraka, akaeleza huku akitafuta. Mradi ulikuwa utafiti. Wagonjwa wa nusu ya vijiji walihudumiwa kliniki kama kawaida. Nusu nyingine muuguzi aliwafuata nyumbani kila wiki, akapima sukari, akakagua miguu, akafundisha. Mwisho wa mwaka watafiti wangelinganisha nani walipona zaidi.

“Lakini ulinganisho hauna maana kama hatuna hakika kwamba muuguzi ametoa huduma ileile iliyoandikwa kwenye mwongozo,” alisema. “Kwa hiyo kila ziara inarekodiwa. Mimi nasikiliza baadhi, nachagua kwa kura. Kuna vipengele kumi na vinne. Amesalimia, weka alama. Amenawa mikono, weka alama. Amekagua katikati ya vidole, weka alama.”

“Na rekodi ikishaingia kwenye kompyuta?”

“Ndugu anapata ujumbe. Mashine inatuma yenyewe.”

Sauti ilitoka. Ya mwanamke kijana, safi, isiyo na wasiwasi: “Habari za leo, mama. Mimi ni muuguzi wako. Leo tutakagua miguu yako pamoja.” Sauti nyingine ya kike ilijibu polepole, kwa kuvuta maneno: “Nzuri, karibu.”

Zabron alitikisa kichwa kabla jibu halijaisha.

“Huyo si mama.”

“Una hakika?”

“Mama yangu Kiswahili alikuwa anakianza, kisha anamalizia kwa Kishambaa. Na hapo angeshauliza umekula nini. Huyo si mama yangu, si shangazi yangu, wala simjui.”

Alphonce alifumba macho kidogo. Akavuta droo, akatoa karatasi.

“Basi ni Wema,” alisema kwa huzuni. “Muuguzi Wema Hoza. Sauti ya kwanza ni yake. Na hii ni taarifa yake ya wiki: ziara kumi na sita kati ya kumi na sita, saini yake hii hapa. Nilimwamini, Inspekta.”

* * *

Koplo Issa alimkamata Wema saa nne asubuhi, akitoka kwa mgonjwa karibu na soko. Hakubisha. Aliomba tu avue gambuti za plastiki miguuni, asiingize tope kwenye gari la polisi.

Rukia alimkuta mahabusu amejikunyata kwenye kona. Binti wa miaka ishirini na tisa, sare nyeupe imelowa kifuani pande zote mbili.

“Shikamoo, mama,” alisema Wema, akisimama.

“Marahaba. Mtoto ana miezi mingapi?”

Wema alijitazama kifuani, akajifunika kwa mikono. “Sita.”

“Yuko wapi?”

“Kwa jirani.”

Rukia aligeuka. “Issa! Kamlete mtoto wa huyu. Na yeyote anayemlea, aje naye.”

“Afande, mahabusu hairuhusiwi...”

“Nimesema mlete. Akinyonya atalala, na mama yake atafikiri. Saa hizi hafikiri, anaumia tu.”

Aliketi kwenye ukingo wa saruji, daftari gotini.

“Nimesikia rekodi ya Alhamisi. Sauti ni yako?”

“Ni yangu.”

“Alhamisi ulikwenda Kwembuzi?”

Wema alikaza mikono kifuani.

“Ulikwenda au hukwenda?”

“Nikisema nilikwenda, mtasema nilimwua. Nikisema sikwenda, mtasema nilimwacha afe.”

“Nitasema nini ni juu yangu. Wewe sema kilichotokea.”

“Kilichotokea hakina saini, mama. Kisichotokea ndicho chenye saini yangu.”

“Nani amekwambia hivyo?”

Wema aliutazama mlango wa chuma, akainama. Hakusema tena. Rukia alisubiri dakika tano kamili, akaondoka. Kwake nyumbani walikuwa watoto wanne. Alijua tofauti ya kimya cha mkosaji na kimya cha aliyetishwa. Lakini kujua si ushahidi.

* * *

Kompyuta ya mradi ilikuwa kielelezo sasa, imewekwa juu ya meza ya Rukia kituoni. Issa alivuta kiti.

“Mimi naona kesi imekwisha, Afande. Binti kaogopa poromoko. Kakaa na bibi fulani upande huu, kamwambia jifanye mgonjwa, wamerekodi. Bibi kapewa kipande cha sabuni. Huku nyuma yule wa kweli anaoza.”

“Bibi fulani.”

“Ndiyo. Si umesikia anavyovuta maneno?”

Rukia alirudisha rekodi mwanzo. *Habari za leo, mama.* Akairudisha tena. Mara ya tatu aliisimamisha.

“Issa, Wema alinisalimiaje kule ndani?”

“Kawaida. Shikamoo.”

“Yuko mahabusu, maziwa yanamwagika, mtoto hajui yuko kwa nani. Amesimama, akasema shikamoo. Sasa huyu wa kwenye rekodi ana miaka sitini na saba. Wema anaingia nyumbani kwake. Anasema nini?”

Issa aligeukia kompyuta. Alikuwa mzaliwa wa Mlalo. Kwao mtoto aliyepita mbele ya mkubwa bila kuamkia alirudishwa alikotoka apite upya.

“Anasema habari za leo,” alijibu taratibu.

“Kama muuza duka. Mwongozo unasema *msalimie mgonjwa*. Aliyeuandika ameridhika na habari za leo, na Alphonce ameweka alama. Lakini mtoto aliyelelewa huku hamwambii bibi habari za leo. Hata akiwa anaigiza, mbele ya bibi yeyote, mdomo ungetangulia. Aliyekuwa mbele yake si bibi, Issa. Ni rika lake. Mdomo ulikataa kumwamkia mtu wa rika lake.”

“Rika lake anayejua vipengele vyote kumi na vinne?”

“Ndiyo hapo sasa. Tusikilize nyingine.”

Wema alikuwa na wagonjwa kumi na sita, wote wa miaka zaidi ya hamsini na mitano. Rekodi za wiki tatu zilikuwa arobaini na nane. Hawakuzimaliza. Waligusa mwanzo wa kila moja, Rukia akiandika namba kwenye safu mbili.

*Shikamoo, babu.* Marahaba, mjukuu wangu, ngoja nifunge mbwa. *Shikamoo, mama.* Marahaba, kaa, kuna viazi jikoni. Kuku waliingia ndani. Mgeni alipiga hodi. Mzee mmoja alisimulia ugomvi wa mpaka wa shamba kwa dakika nane huku Wema akijaribu kurudi kwenye soksi. Alama za ziara hizo zilikuwa tisa, kumi, zikizidi sana kumi na moja.

Rekodi kumi na tano hazikuwa na shikamoo. Hazikuwa na mbwa, wala kuku, wala mvua juu ya bati. Zote zilipata kumi na nne kati ya kumi na nne.

“Nimezaa mara nne,” alisema Rukia. “Hakuna nesi aliyewahi kunieleza mambo kumi na manne bila mtu kumkatiza.”

Issa alikuwa anatazama upande wa kulia wa kioo, kwenye urefu wa kila rekodi. “Afande. Hii ni dakika arobaini na mbili na sekunde kumi na moja.”

“Nimeona.”

“Na hii ya wiki iliyotangulia. Na hii. Sekunde kwa sekunde. Si kumi na tano. Ni rekodi tano, zimezungushwa mara tatu.”

Wakahesabu. Wagonjwa watano, wiki tatu. Namba 117 ilikuwa mojawapo. Nyingine ni 103, 109, 121 na 124.

Rukia aliziandika namba nne chini, akazizungushia mstari. Kalamu ilitoboa karatasi.

“Bi Rahabu hatupo naye tena,” alisema. “Hawa wanne wako wapi?”

* * *

Lucy, muuguzi mwenzake Wema aliyeitwa na Rukia, alifika saa saba na nusu mchana kwa bodaboda, mwavuli umevunjika. Aliamkia kila aliyekuwa kwenye kaunta, hadi mahabusu mzee aliyekuwa anafagia.

“Sikiliza,” alisema Rukia. “Uniambie unamjua nani.”

Ilipofika *Nzuri, karibu*, Lucy alicheka kwa mshangao, akaziba mdomo.

“Hiyo ni mimi!”

“Wewe?”

“Ndiyo mama, mimi. Nilikuwa nakuwa bibi. Ni mazoezi ya Januari, kule Mombo, kabla hatujaanza. Tulikuwa wauguzi sita. Mmoja anakuwa nesi, wengine tunapokezana kuwa mgonjwa, kila mtu kwa zamu na kila mtu. Wema alifanya na sisi watano.” Uso wake ulianza kubadilika. “Kwani imefikaje hapa? Mbona ina tarehe ya juzi?”

“Nani alirekodi mazoezi?”

“Bwana Alphonce. Alisema ni za kufundishia. Anazo yeye tu.”

“Wema alipewa nakala?”

“Hakuna aliyepewa. Mama, Wema amefanya nini? Yule ni mtu wa kulia mgonjwa akikataa dawa.”

“Muuguzi akishindwa kufika kwa mgonjwa, anafanya nini?”

“Anajaza fomu ya Sikufika, anapeleka kwa Bwana Alphonce. Ndani ya siku mbili anatumwa muuguzi wa akiba, akibebwa hata mgongoni. Ndiyo kanuni.”

“Muuguzi wa akiba wa upande huu ni nani?”

“Ni mimi,” alisema Lucy. “Na wiki tatu hizi sijatumwa popote.”

* * *

Rukia alirudi ofisi ya mradi na hati ya upekuzi. Alphonce aliwafungulia makabati mwenyewe, kwa adabu, akiwaonyesha lipi lina nini.

Issa alianza na pipa la taka. Rukia alianza na mafaili. Alikuwa amemtazama yule bwana asubuhi, akiweka kila karatasi sawa na ukingo wa meza. Mtu kama huyo hachomi karatasi.

Faili lilikuwa la bluu. Jalada lilisema *Yanayosubiri*. Ndani, kwa mpangilio wa tarehe, zilikuwamo fomu kumi na tano za Sikufika, kila moja na namba yake ya mfululizo kona ya juu. Ya kwanza iliandikwa kwa mwandiko wa haraka:

*Mgonjwa 117. Sikufika. Njia imeporomoka, nimejaribu mara mbili, nimeteleza. Ziara iliyopita kidonda kilikuwa kinatoa harufu. Naomba abebwe apelekwe hospitali haraka. W. Hoza.*

Ya pili ilikuwa na neno *haraka* limepigiwa mstari mara mbili. Ya tatu ilisema: *Tafadhali. Hana simu.*

“Kwa nini hukuzichana?” aliuliza Rukia.

Alphonce alishangaa kweli. “Zina namba za mfululizo, Inspekta. Fomu ikipotea wakaguzi wanaona pengo.”

Issa aliacha pipa.

“Kaa chini, Bwana Alphonce,” alisema Rukia. “Nakuonya kwamba hulazimiki kusema lolote, na utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Issa, andika. Rekodi tano za Mombo. Nani alizibadilisha tarehe?”

Mwanamume yule alitoa kalamu zake mbili mfukoni, akazilaza mezani sambamba.

“Mimi.”

“Lini mara ya kwanza?”

“Wiki ya poromoko.”

“Kwa nini?”

“Kuna kanuni. Wilaya ikishuka chini ya asilimia themanini miezi miwili mfululizo, inatolewa kwenye utafiti. Machi tulikuwa na sabini na nane, kwa sababu ya mvua. Nilibakiwa na mwezi mmoja tu. Aprili mlima ukaanguka. Niliwapigia Dar. Nikawaambia njia hakuna. Wakaniuliza, ziara imefanyika au haikufanyika? Mashine ina majibu hayo mawili tu.”

“Wilaya ikitolewa?”

“Wanachukua friji za insulini. Wanachukua vipima sukari. Wagonjwa mia mbili na kumi na wawili wanarudi kupanga foleni ya dawa ambazo hazipo.” Aliinua uso. “Niliwalinda, Inspekta. Watano hawafikiki, mia mbili wanafikika. Ungefanya nini?”

“Ningemtuma Lucy. Kimyakimya. Apite kwa kamba.”

“Muuguzi wa akiba hatoki bila fomu. Fomu ikiingia, ziara inasomeka haikufanyika.”

“Kwa hiyo karatasi moja ingemfikisha Bi Rahabu hospitali.”

“Karatasi moja ingefunga mradi.”

“Hilo ndilo uliloogopa?”

“Hilo.”

Rukia alitazama ukutani. “Na hiki?”

Alphonce hakugeuka.

“Huku milimani,” alisema Rukia, “ambako mzee anakusimulia mpaka wa shamba kabla hajakuonyesha mguu, hakuna muuguzi wa kupata tisini na sita. Uliijua hiyo. Umekuwa muuguzi miaka ishirini. Uliipenda tu ilivyokaa kwenye fremu.”

Nje, lori la mboga lilibadilisha gia likipanda kilima.

“Mwezi ujao nilikuwa niwasilishe Arusha,” alisema Alphonce. “Mbele ya wilaya zote. Miaka kumi na saba nilimwaga mkojo wa wagonjwa wodini, hakuna aliyejua jina langu. Wakaniambia, Bwana Alphonce, tufundishe unafanyaje.” Alijifuta mdomo. “Sikutaka afe. Kila wiki nilisema wiki hii mvua itakatika.”

“Na Wema?”

“Nilimsainisha taarifa tupu mwanzo wa mwezi. Wote nawasainisha, kuokoa muda. Mlipopiga simu ofisini jana, nilimwita. Nikamwambia sauti ni yako, saini ni yako, mtoto wako bado mchanga. Afikirie.”

“Jeraha la pajini?”

“Silijui. Naapa.”

Rukia alilijua. Zabron alikuwa amemsimulia jinsi alivyomkuta mama yake. Fimbo ilikuwa chini ya mwili, na komeo la mlango lilikuwa limevutwa nusu. Bi Rahabu alikuwa anajaribu kutoka. Mguu mmoja haukumfikisha.

“Alphonce, uko chini ya ulinzi kwa kughushi kumbukumbu na kuua bila kukusudia. Weka saini hapa. Safari hii soma kwanza.”

* * *

Saa tisa na nusu alasiri Alphonce aliingia chumba cha mahabusu wanaume. Katika cha wanawake Wema alikuwa amekaa na mtoto mapajani, amelala mdomo wazi.

Rukia alimsomea namba nne kupitia nondo.

“103,” alisema Wema bila kufikiri. “Mzee Sefania. Kidole gumba kilikuwa kinaanza kuwa cheusi. 109, Mama Rukia, wajina wako, haoni vizuri, mumewe ndiye anamchoma sindano. 121 ni Mzee Ismaili. 124 anakaa na mjukuu, huyo mguu ulikuwa mzuri.” Alisimama, mtoto begani. “Nani amewaendea?”

“Hakuna.”

“Wiki tatu? Mama, Bwana Alphonce aliniambia litashughulikiwa.” Akakaa tena. “Sikumuuliza limeshughulikiwaje. Nilijua, na sikuuliza. Mkataba wangu unaisha Juni.”

“Hilo utamwambia hakimu. Njia ya kupita ipo?”

“Zabron amepita jana kumtoa mama yake. Ni juu, kwa msituni, saa moja na nusu. Lakini nyumba zimetawanyika. Asiyezijua atazitafuta hadi kesho.”

Rukia alikwenda mezani, akapiga simu hospitali. Sista wa zamu alikuwa mmoja, wodi mbili mikononi mwake. Timu ingepangwa Jumatatu. Alimpigia Lucy, lakini nyumba hizo Lucy hakuwahi kuzikanyaga. Alimpigia Mkuu wa Polisi wa Wilaya, aliyekuwa kwenye kikao Tanga.

“Hongera, Rukia,” alisema Mkuu. “Kazi safi ya siku moja. Sasa funga vielelezo. Jumatatu wote wawili mahakamani.”

“Afande, kuna wagonjwa wanne ng'ambo ya poromoko. Muuguzi anayezijua nyumba zao na vidonda vyao ni mmoja, na ninaye mahabusu.”

“Huyo ni mtuhumiwa.”

“Ndiyo, Afande.”

“Kasaini taarifa za uongo, mtu kafa. Akiteleza huko juu? Akikimbia? Akimgusa mgonjwa, mgonjwa akafa mikononi mwake? Kesi yote itakuwa yako. Mtuhumiwa hatoki. Wagonjwa ni kazi ya hospitali. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, Afande.”

Alikata simu. Issa alikuwa anamtazama.

“Amesema nini?”

“Amesema hatoki.”

“Basi Jumatatu.”

Rukia alitazama saa. Giza lingeingia kabla ya saa moja. Kulikuwa na saa tatu za mwanga, na moja na nusu kati yake ni za kupanda. Alifikiria kidole gumba cheusi hadi Jumatatu. Alifikiria pia cheo chake, na ada za shule za watoto wawili waliokuwa bado wanasoma, na jinsi barua ya kumuuliza kwa nini asichukuliwe hatua ingeanza.

Akavuta kitabu cha matukio. Aliandika kwa herufi kubwa, ili mtu yeyote aweze kusoma bila kuuliza: *Saa 9:50 alasiri. Mtuhumiwa Wema Hoza ametolewa mahabusu chini ya ulinzi wangu kwenda Kwembuzi kuonyesha nyumba za wagonjwa wanne na kuwahudumia. Nimeagizwa nisimtoe. Nimemtoa. Insp. R. Shemboza.* Akaweka saini.

“Issa, mpigie Zabron. Atukute kwenye poromoko na vijana wanane, kamba na machela mbili. Mwambie si kwa ajili ya mama yake, ni kwa majirani wa mama yake.”

“Afande...”

“Piga ukiwa unatembea. Halafu gari.”

Alichukua funguo, akafungua mlango wa chuma, akampa Wema mkoba wake wa kazi. Wema alimkabidhi jirani mtoto, akafungua zipu, akahesabu bandeji, glavu na chupa ya maji ya chumvi.

“Pingu?” aliuliza, akinyoosha viganja.

“Utapandaje mlima na pingu? Tuanze na yupi?”

“Mzee Sefania.”

Walipofika poromoko saa kumi na nusu, Zabron na vijana walikuwa wameshafunga kamba kwenye shina la mvule juu ya ukingo. Zabron alimtazama Wema kwa muda mrefu, akatema mate pembeni, kisha akamwinamia akamfunga kamba kiunoni, akaivuta mara mbili kuhakikisha imekaza.

Wema akatangulia. Rukia akafuata, hatua tatu nyuma yake.